Maswali ya Wasomaji: Mpira Haubebi Kani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaoanza kujifunza kani na mwendo, na nyingine kwa wazazi na walimu walioulizwa na watoto maswali ambayo hawakuweza kuyajibu papo hapo. Nimechagua saba. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa makusudi, kwa sababu asiyelielewa hilo atahangaika na yote yanayofuata.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Tumefundishwa kwamba kani ni msukumo au mvuto, na kwamba kani ndiyo inayosababisha mwendo. Nikipiga mpira, mguu wangu unausukuma. Lakini mpira ukishaachana na mguu bado unaendelea kwenda. Ni kani gani inayousukuma wakati huo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jibu lenyewe ni fupi: hakuna. Tangu mpira unapoachana na mguu wako hakuna kitu chochote kinachousukuma kwenda mbele, wala hauhitaji kusukumwa. Unakwenda kwa sababu ulikuwa tayari unakwenda, na kitu kilichomo katika mwendo huendelea na mwendo huo, kwa kasi ileile na katika mstari ulionyooka, mpaka kani itokee ya kukipunguza, kukiongeza au kukigeuza njia. Kazi ya mguu wako ilikuwa kuutoa mpira katika utulivu na kuuingiza katika mwendo, na kazi hiyo ilimalizika palepale mguu na mpira vilipoachana, kwa maana mguu hauwezi kusukuma kitu usichokigusa.

Usivunjike moyo ikiwa jibu hili linakataa kuingia akilini, kwa sababu liliwashinda watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kinachokwenda kina kinachokisukuma, na ilipombidi aeleze mwendo wa jiwe lililokwisha kuachana na mkono, alisema kwamba hewa ndiyo inayoendelea kulisukuma. Tusimcheke, kwa kuwa macho yetu wenyewe hutuambia hivyo kila siku: anayesukuma kabati sakafuni huliona likisimama mara anapoliacha. Mwanachuoni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuona kwamba kitu kilichorushwa mahali pasipo na hewa wala kizuizi kingine kisingesimama chenyewe. Hata hivyo, naye bado alidhani kwamba mrushaji hukipatia kitu hicho jambo fulani la ndani linalokipeleka, na nadhani hicho ndicho hasa unachokitafuta ndani ya mpira wako.

Aliyetusaidia kuliona jambo hili vizuri ni Galileo Galilei wa Italia (1564–1642). Fikiria miteremko miwili laini sana inayotazamana, mithili ya bonde. Ukiachia gololi juu ya mteremko wa kwanza, itashuka, itavuka bonde na kupanda wa pili hadi ikaribie kimo kilekile ilikoanzia. Ukiulaza zaidi mteremko wa pili, gololi itasafiri mbali zaidi kabla ya kukifikia kimo hicho. Ulaze tena, na itakwenda mbali zaidi tena. Sasa ulaze kabisa uwe tambarare. Gololi haina tena mahali pa kupanda, basi itasimama wapi? Ikiwa hakuna kinachoipinga, haitasimama popote. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza aliliandika wazo hilo kuwa la kwanza katika sheria zake tatu za mwendo.

Utaniuliza mbona mpira wako husimama. Lugha yetu ina maneno mawili yatakayokusaidia hapa: kusimama na kusimamishwa. Mpira hausimami kwa kuishiwa kitu, unasimamishwa. Nyasi na udongo huusugua kwa chini, hewa huupinga kwa mbele, na kani hizo, ambazo tunaziita msuguano na ukinzani wa hewa, humega mwendo wake kidogo kidogo mpaka uishe. Jaribu mwenyewe: viringisha gololi moja kwa msukumo unaolingana juu ya mchanga, kisha juu ya mkeka, kisha juu ya sakafu laini. Msukumo haukubadilika, lakini umbali umebadilika sana, kwa sababu kilichobadilika ni kile kinachoipinga gololi.

Tena upo ushahidi mkubwa kuliko gololi. Chombo cha anga kiitwacho Voyager 1 kilirushwa tarehe 5 Septemba 1977, na hadi leo kinazidi kuliacha Jua kwa takriban kilomita 17 kila sekunde. Hakuna injini inayokisukuma kwenda mbele. Viinjini vidogo kilivyo navyo hutumika hasa kukigeuza ili antena yake iendelee kuielekea Dunia. Huko kiliko karibu hakuna cha kukisugua, na mvuto wa Jua unaokirudisha nyuma umekuwa hafifu sana.

Kwa hiyo sentensi uliyofundishwa naomba uiongezee neno moja tu: kani husababisha *badiliko* la mwendo. Kitu kikianza kwenda, kikiongeza kasi, kikipunguza, kikisimama au kikikata kona, hapo tafuta kani. Kikienda sawasawa katika mstari ulionyooka, usihangaike kutafuta kinachokisukuma.

Swali: Mimi ni mzazi. Binti yangu aliandika katika jaribio kwamba «kani ni nguvu ya kitu», akakosa alama. Nilipomtetea, niliambiwa kani si nguvu. Je, si neno moja tu lililofanywa gumu?

Jibu: Ndugu mzazi, nakuelewa, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku neno *nguvu* hubeba mizigo mingi: mtu mwenye misuli ana nguvu, chai ina nguvu, betri imeisha nguvu, na upepo umevuma kwa nguvu. Sayansi haiwezi kupima jambo lenye maana nyingi kiasi hicho, ndiyo maana imezigawa. Kile kilichohifadhiwa ndani ya betri au chakula huitwa nishati, na kile kinachotokea pale kitu kimoja kinapokisukuma au kukivuta kingine huitwa kani.

Hata hivyo, naona kosa la binti yako halikuwa katika neno *nguvu* pekee, bali zaidi katika maneno *ya kitu*. Kani si mali ambayo kitu kimoja kinaweza kuwa nayo mfukoni. Ili kani iwepo lazima viwepo vitu viwili, kinachosukuma na kinachosukumwa, au kinachovuta na kinachovutwa. Mwanafunzi anayetaja kani ajizoeze kuitaja kwa sentensi nzima: kani ya mguu juu ya mpira, kani ya Dunia juu ya jiwe, kani ya sakafu juu ya kiatu. Akishindwa kuvitaja vitu viwili, basi aelewe kwamba kani hiyo ameibuni, kama vile ile inayodhaniwa kujificha ndani ya mpira unaoruka.

Kipimo chake huitwa nyutoni. Nyutoni moja ni kani inayotosha kuongeza mwendokasi wa kitu cha kilo 1 kwa mita 1 kwa sekunde, katika kila sekunde inayopita. Ukishika kiganjani kitu cha gramu 100, kiganja chako kinakibeba kwa kani ya takriban nyutoni moja.

Swali: Basi likifunga breki ghafla, abiria waliosimama hurushwa mbele. Nani anayewarusha?

Jibu: Hakuna anayewarusha. Wakati basi linakwenda, abiria nao wanakwenda kwa kasi ileile, ijapokuwa wenyewe wanajiona wametulia. Breki hulipunguzia mwendo basi, na msuguano wa sakafu hupunguza mwendo wa nyayo zao, lakini kiwiliwili cha juu hakijaguswa na kitu chochote, kwa hiyo kinaendelea na safari yake kama kawaida. Dereva anapokanyaga mafuta, kinyume chake hutokea: miguu hutangulia na kiwiliwili hubaki nyuma. Tabia hii ya kila kitu kukataa kubadilishiwa mwendo huitwa inesha, na kadiri kitu kilivyo na tungamo kubwa, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani yake, ndivyo inesha yake ilivyo kubwa.

Msomaji hakuuliza kuhusu mkanda wa usalama, lakini dhamiri hainiruhusu kulipita jambo hili. Gari likienda kilomita 72 kwa saa, aliyeketi ndani yake naye anakwenda mita 20 kwa kila sekunde. Gari likigonga ukuta na kusimama, asiyefunga mkanda huendelea na mita zake 20 kwa sekunde mpaka asimamishwe na kioo au kiti cha mbele, na kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka kimo cha takriban mita 20. Mkanda wenye kupita begani na kiunoni, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo ya Uswidi mwaka 1959, ndio unaotoa kani ya kumpunguzia mwendo pamoja na gari, kwa muda mrefu kidogo zaidi, na juu ya mifupa imara ya kifua na nyonga badala ya uso. Zaidi ya hayo, kasi ikiongezeka maradufu, umbali ambao gari linahitaji ili lisimame baada ya breki kushika huongezeka takriban mara nne. Mtoto anayevuka barabara anastahili kulifahamu hilo mapema.

Swali: Mimi na kaka yangu tumebishana. Yeye anasema tofali litaanguka haraka kuliko kokoto kwa sababu Dunia inalivuta zaidi. Mimi nasema vitafika pamoja, ila sijui sababu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wewe uko sahihi kuhusu matokeo, lakini kaka yako naye ana nusu ya sababu, kwa hiyo msigombane. Ni kweli kwamba Dunia hulivuta tofali kwa kani kubwa zaidi. Tuseme tofali lina kilo 3 na kokoto ina gramu 30, yaani mara mia pungufu: tofali huvutwa kwa kani kubwa mara mia. Lakini kumbukeni inesha. Tofali lina tungamo kubwa mara mia, hivyo ni gumu mara mia kulibadilisha mwendo. Kani mara mia inagawanywa kwa ugumu mara mia, na kinachobaki ni kilekile kwa vyote viwili: kila sekunde ya kuanguka huongeza mwendokasi kwa takriban mita 9.8 kwa sekunde. Ongezeko hilo la mwendokasi kwa kila sekunde ndilo tunaloliita mchapuko, na sheria ya pili ya Newton husema hivyo hasa: mchapuko ni kani ikigawanywa kwa tungamo.

Ipo pia hoja ya Galileo, aliyoichapisha mwaka 1638, ambayo naipenda kwa sababu haihitaji hesabu. Tukubali kwanza kwamba kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Sasa ifunge kokoto kwenye tofali kwa kamba. Kokoto, kwa kuwa ni ya polepole, inapaswa kulichelewesha tofali, kwa hiyo vyote viwili vitaanguka polepole kuliko tofali peke yake. Lakini vikifungwa pamoja vimekuwa kitu kimoja kizito zaidi, kwa hiyo vinapaswa kuanguka haraka kuliko tofali peke yake. Haiwezekani mambo yote mawili yawe kweli, na njia pekee ya kuutoka mkanganyiko huo ni kukubali kwamba vizito na vyepesi huanguka sawa. (Hadithi kwamba alidondosha mizigo kutoka mnara wa Pisa hutiliwa shaka na wanahistoria wengi, na hoja yake haiuhitaji mnara.)

Unyoya na karatasi hutudanganya kwa sababu ya hewa. Chukua kitabu na kipande cha karatasi kidogo kuliko jalada lake, ukilaze kipande hicho juu ya kitabu bila kukibandika, kisha uachie kitabu kikiwa kimelala. Karatasi itashuka pamoja na kitabu, kwa sababu kitabu kimeipasulia hewa. Mwezini, ambako hakuna hewa ya kupasua, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja tarehe 2 Agosti 1971, na vyote viwili viligusa ardhi wakati mmoja.

Ongezeni jambo moja dogo katika madaftari yenu. Tungamo na uzito si kitu kimoja. Mtoto mwenye tungamo la kilo 40 ana kilo 40 popote aendapo, lakini uzito wake, ambao ni kani anayovutwa nayo, ni takriban nyutoni 392 hapa duniani na takriban 65 tu huko Mwezini.

Swali: Kitabu kilichotulia juu ya meza hakina mwendo. Je, ni sawa kusema hakuna kani juu yake?

Jibu: Si sawa. Dunia inakivuta kitabu chini, na meza inakisukuma juu kwa kani inayolingana, kwa hiyo jumla yake ni sifuri na mwendo haubadiliki. Asiyeamini kwamba meza husukuma akiweke kitabu juu ya sifongo: atakiona kikizama mpaka sifongo iliyobonyea itoe kani ya kutosha kukibeba. Meza nayo hubonyea, ila ni kidogo mno kwa macho yetu.

Swali: Mimi ni mwalimu. Nilipofundisha sheria ya tatu ya Newton, kwamba kila kani ina kani nyingine inayolingana nayo na kuelekea upande wa pili, mwanafunzi aliniuliza: «Ikiwa punda anauvuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda nyuma kwa kani ileile, mbona kani hizo hazifutani? Mkokoteni unaendaje?» Darasa zima lilinyamaza, nami pia.

Jibu: Ndugu Mwalimu, mwanafunzi huyo asipotee machoni pako, maana ameihoji sheria ambayo wengi huikariri bila kuihoji. Ufumbuzi wake umo katika kuhesabu nani anafanyiwa nini. Kani mbili hufutana pale tu zinapokipata kitu kimoja, kama zile za kitabu juu ya meza. Kani mbili za sheria ya tatu hazikipati kitu kimoja kamwe: moja humpata punda, nyingine huupata mkokoteni. Kuzijumlisha ni sawa na kusema kwamba kwa kuwa mimi nimepokea barua na wewe umetuma barua, basi hakuna barua.

Mwambie achore mkokoteni peke yake ubaoni na aorodheshe yanayoupata: punda anauvuta mbele, na msuguano wa ekseli na barabara unaupinga nyuma. Mvuto wa punda ukizidi, mkokoteni utaanza kwenda, na hapo habari ya mkokoteni imekwisha. Kisha amchore punda peke yake: mkokoteni unamvuta nyuma, na kuna kitu kinachomsukuma mbele. Kitu hicho ni ardhi! Punda huisukuma ardhi nyuma kwa kwato zake, nayo ardhi humsukuma yeye mbele. Mtilie punda huyo sakafu iliyopakwa mafuta, na misuli yake yote haitamfaa, kwa sababu ardhi haitapata namna ya kumsukuma.

Anayeruka kutoka mtumbwini ameyaona hayo kwa macho yake: yeye huenda mbele na mtumbwi hurudi nyuma. Anayeruka kutoka ardhini naye huisukuma Dunia, ila tungamo la Dunia ni kubwa mno kiasi kwamba badiliko la mwendo wake haliwezi kupimika. Roketi hufuata kanuni hiyohiyo. Haisukumi hewa iliyo nyuma yake, kama wengi wanavyodhani. Huisukuma nje gesi yake yenyewe, na gesi hiyo huisukuma roketi, ndiyo maana hufanya kazi hata mahali pasipo na hewa kabisa.

Swali: Katika picha za video, wanaanga huelea ndani ya chombo chao. Je, huko juu hakuna mvuto wa Dunia?

Jibu: Upo, tena mwingi. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 400, na hapo mvuto wa Dunia ni takriban sehemu 9 kati ya 10 za mvuto tunaousikia sisi huku chini. Kama mvuto ungekatika, kituo hicho kisingeizunguka Dunia hata mara moja: kingenyoosha njia na kuondoka moja kwa moja, kwa sheria ileile ya mpira wa msomaji wetu wa kwanza. Kinachokikunja kila wakati katika njia ya mviringo ni kani, na kani hiyo ni ya Dunia.

Basi mbona hakianguki? Ukweli ni kwamba kinaanguka wakati wote, lakini kinaanguka huku kikienda upande kwa kasi kubwa sana, takriban kilomita 28,000 kwa saa. Katika sekunde moja kinasogea mbele karibu kilomita 7.7 na kushuka takriban mita 4.3, na Dunia, kwa kuwa ni mviringo, nayo huinama kwa kiasi hichohicho katika umbali huo. Kwa hiyo kituo huanguka bila kuikaribia ardhi, na hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban dakika 90. Newton aliliona jambo hili kwa fikra tu, alipojiuliza ni nini kingelipata tufe la mzinga lililofyatuliwa kutoka mlima mrefu kwa kasi inayozidi kuongezwa.

Nawe msomaji uliyebishana na kaka yako, hapa lipo tofali lako na kokoto yako. Mwanaanga akiiachia kalamu mkononi, kalamu haielei. Inaanguka pamoja naye, pamoja na kuta na pamoja na mashine zote zilizomo, na kwa kuwa vizito na vyepesi huanguka sawa, hakuna kinachomtangulia mwenzake.